Kimeu Hakuwa Karani

Bwana Kimeu Ngui anastaafu tarehe 30 Juni 1988, baada ya kutumikia idara ya usafi ya jiji la Nairobi kwa miaka ishirini na saba na miezi mitano. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, siku aliyozaliwa mtoto wake wa tatu, na hata siku hiyo alifika kabla ya chai ya saa nne. Hayo yamo kwenye faili yake. Yale ambayo hayamo nimeombwa niyaandike mimi, Nthambi, kwa sababu mbili: mimi ni mwanachama wa kikundi chake cha Jumamosi, na mimi ndiye niliyemzaa. Bwana Nahashon, karani wa depo anayepiga chapa programu hii ya sherehe ya kumuaga, alinipa ukurasa mmoja. Nilimwambia niliishia darasa la nne, kwa hivyo maandishi yangu ni makubwa, anipe mbili.

Kimeu alizaliwa Kangundo mwaka wa 1933. Uzito wake sijui kwa sababu mizani haikuwepo, lakini mkunga alisema hajawahi kushika mtoto mzito namna ile. Alitembea akiwa na miezi minane. Majirani walisema ni tisa, lakini majirani hawakuwa wakihesabu.

Aliandikwa kazi Januari 1961. Alipewa ufagio, ovaroli la kaki na barabara tatu za hapa Shauri Moyo, upande wa mbali na nyumba zetu. Mimi nilikuwa nauza viondo, vile vikapu vya kusuka vya kwetu, katika soko la Gikomba, na mtu akiuza viondo anaulizwa habari za watoto siku nzima. Mteja wa kwanza aliponiuliza Kimeu anafanya nini, mdomo ulifunguka wenyewe ukasema ni karani. Jioni nilikuwa nimeshamwambia na mteja wa saba. Baada ya wiki moja hata pasta alijua, akamwombea asichoke macho.

Basi ikabidi karani atunzwe. Kimeu alitoka nyumbani kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, akavalia ovaroli huko depo, na jioni akarudi na shati lake. Krismasi ya mwaka wa 1969 nilimnunulia kalamu ya wino ya kuweka kwenye mfuko wa shati, ionekane. Hakunibishia. Kina mama wa kanisa wakiniuliza anaandika nini huko ofisini, niliwaambia anashughulika na barabara. Sikuona kama nimedanganya.

Sasa nifike kwa mtaro, kwa sababu najua jirani yangu Wacera amekuja na miwani yake ya kusomea aone kama nitauruka.

Miaka hiyo ndipo karatasi za nailoni zilipoanza kujaa madukani. Ukinunua nyanya, unapewa nailoni. Ukinunua chumvi, nailoni. Mimi nilizipenda kupita kiasi. Nilitia maganda ya viazi ndani, nikafunga, nikatupa kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba zetu, na maji yakachukua. Nilijiona mwanamke msafi kuliko wote mtaani. Na fundo langu halikuwa fundo la hivi hivi. Lilikuwa lile la kumalizia mkanda wa kiondo, linalozungushwa mara mbili kisha ncha inarudishwa chini. Nilifundishwa na mama yangu, nami nimewafundisha nusu ya kina mama wa kanisa letu. Halifunguki. Nilikuwa nikijisifu kwamba halifunguki.

Alhamisi moja ya Aprili 1977, kina mama kumi na wawili walikuwa kwangu kwa maombi. Mvua ilinyesha, mtaro ukakataa maji, nayo yakarudi kwetu. Yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapita chini ya meza, yakabeba kandambili za Wacera mpaka mlango wa mbele. Tulipandisha miguu juu ya viti tukaendelea kuomba, kwa bidii zaidi.

Mvua ilipopungua depo ilituma watu. Aliyewatangulia alikuwa mwanamume mwenye buti za mpira, maji yakimfika magotini, ameshika reki. Alikuwa Kimeu. Alituona tumejaa mlangoni, akaniona mimi katikati, akainamisha kichwa.

"Hamjambo, kina mama," akasema, kama mtu ambaye hajawahi kufika pale.

"Hatujambo, baba," tukaitikia. Na mimi niliitikia pamoja na wengine. Nilimwitikia mtoto wangu mwenyewe kama mpita njia.

Aliingiza mkono mtaroni mpaka begani akatoa mfuko wa nailoni. Akaangalia fundo. Akatoa kisu, akalikata, akalitia mfukoni mwake, ndipo akautupa mfuko kwenye mkokoteni. Wa pili vivyo hivyo. Nilihesabu kumi na tisa. Yote ilikuwa yangu, na alikuwa akiyaficha mafundo moja moja ili nisiaibike.

Lakini Wacera wakati huo alikuwa bado hajahitaji miwani.

"Mama Kimeu," akasema, "huyu si yule karani wako?"

Nikamwambia karani ametumwa kukagua mtaro.

"Na buti?"

"Za kukagulia."

"Na hayo mafundo ya kiondo anayojaza mfukoni?"

Mama mmoja aliyekuwa bado juu ya kiti alicheka mpaka akateleza akaingia majini. Tangu siku hiyo naitwa Mama Karani, kuanzia kanisani mpaka Gikomba, na sijawahi kumkanya mtu, kwa sababu kumkanya ingebidi nieleze.

Jioni Kimeu alikuja na shati lake na kalamu yake. Nilingoja anigombeze. Aliomba chai. Nilimwuliza kwa nini hakuniita mama mbele ya wenzangu. Alikoroga chai ile muda mrefu, na haikuwa na sukari.

"Nilidhani ndivyo unavyotaka, Mama," akasema.

Hilo halikuchekesha mtu, na nimekaa nalo miaka kumi na mmoja.

Jumamosi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, alichukua reki na gunia akaenda peke yake ukingoni mwa mto, mahali mtaro wetu unapomwagia. Nilimpelekea uji. Nilipoona jinsi nailoni zilivyoning'inia kwenye vichaka kama nguo za watu wasio na haya, nilitafuta kijiti nikaanza kuzitungua, kwanza zile zenye fundo. Jumamosi ya tatu Wacera alikuja, akisema anataka tu kuona. Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza. Hakuna anayelipwa, hakuna mwenyekiti, na anayekuja baada ya saa mbili anapewa sehemu ya chini penye matope. Leo tuko arobaini na wawili. Fundi mmoja wa Gikomba alitutengenezea reki za mbao ishirini, na safu yetu ya nyumba haijaingiwa na maji tangu mwaka wa 1979.

Kimeu aliona kwamba kuokota pekee hakutoshi kama tunaendelea kubeba nailoni mpya nyumbani kila siku. Alitushauri turudie viondo, na nyama tufungiwe kwa gazeti. Watu walisifu akili yake, nami nikawaeleza ametoa wapi. Nilisuka viondo thelathini kwa ajili ya majirani. Kisha, kwa sababu siwezi kuacha jambo zuri likae lilivyo, nilivumbua langu: tusitupe zile nailoni tulizo nazo, tuzifue na kuzianika. Nilianika sitini kwenye kamba bila vibanio. Upepo wa Agosti ukazichukua zote, na karani wangu aliitwa kutoka kazini kwenda kutoa nailoni safi kwenye ua wa shule, kwenye nyaya za simu na kwenye msalaba wa kanisa. Alipanda ngazi. Kutoka juu akauliza, "Mama, hizi zimekauka?"

Mwaka wa 1981 alifanywa nyapara, akawa na watu kumi na wanane chini yake. Nilitembea Gikomba nzima nikisema amepanda cheo. Wacera aliuliza kama sasa ni karani mkuu.

Mwaka wa 1986 kanisa lilitupeleka Malindi siku tatu, kusaidia waumini wa huko kusafisha ufuo. Kimeu alikuwa hajawahi kuona bahari. Aliitazama kidogo, akauliza reki ziko wapi. Mimi niliwafundisha wenyeji namna ya kushika gunia, ingawa hawakuwa wameuliza. Ndipo Kimeu akaniambia kwamba mto wetu wa Nairobi unaingia Athi, na Athi inateremka mpaka inamwagika baharini, karibu na hapo tuliposimama. Baadaye niliona nailoni imefukiwa nusu kwenye mchanga. Niliangalia huku na huku, nikaikimbilia kwa miaka yangu sabini na mmoja, nikaikagua kama ina fundo. Haikuwa nalo. Nilipoinua macho, Kimeu alikuwa ananitazama, na yeye ambaye hucheka kwa mabega tu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa anaondoka. Mkewe Mukai amemngoja kwenye shamba la Kangundo muda wa kutosha. Jumamosi zitaendelea. Wacera atashika daftari la majina, mimi nitashika reki ya Kimeu, na anayedhani miaka sabini na mitatu ni mingi kwa reki aje saa moja asubuhi tushindane.

Imebaki jambo moja. Bwana Nahashon, kwa heshima aliyo nayo kwangu, alikuwa amepiga chapa juu ya ukurasa huu kwamba mstaafu alikuwa afisa. Nimemwomba afute. Naandika haya kwa ile kalamu ya Krismasi, ambayo Kimeu alinirudishia aliposikia nimepewa kazi ya kuandika, na nataka wino wake uandike ukweli angalau mara moja. Kimeu Ngui hakuwa karani. Alikuwa mfagiaji wa barabara, kisha mzibuaji wa mitaro, kisha nyapara wa wafagiaji. Mama yake ni mimi, na yale mafundo kumi na tisa yalikuwa yangu.

Wenzake wa depo, asanteni kwa kumtunza. Wanakikundi, asanteni kwa kunivumilia. Na wewe, mwanangu, nenda nyumbani kwa amani. Mvua ikufikie kwa wakati, mahindi yako yajae, magoti yako yapone baridi ya mitaro.

Siku ile ya maji ulinisalimia kama mgeni, nami nikaitikia kama mgeni. Leo ukumbi ukishajaa, ukipita mbele ya kiti changu, nisalimie tena. Kina mama wote kumi na wawili nimewaketisha karibu, wasikie nitakavyoitikia.