Mchele Uliopikwa kwa Supu

Assalaam aleikum, nanyi ndugu zangu wa bara, hamjambo. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wasiokula nyama kanipa dakika tano. Mimi kupiga chafya tu hunichukua dakika tano, lakini nitajitahidi. Haya nimeyaandika, ili nikifika pale panaponiuma nisiparuke.

Mimi ni mpishi wa pilau za harusi, mzaliwa wa Mji wa Kale. Sufuria yangu kubwa ungemtia bwana harusi na wajomba zake wote na kifuniko kikafunga. Harufu ikipanda, watu wa Likoni waliuliza nani anaoa. Basi mwenye sifa zote hizo aliamka siku moja kidole gumba cha mguu kimevimba kama embe dodo, hata shuka likikigusa naona nyota. Yakafuata magoti. Vikafuata vidole vya mikono, hivi hivi vinavyoshika mwiko. Hospitali wakasema ni jongo, maradhi ya viungo, na kwamba nyama basi.

Ndugu zangu, nawaambia, nililia mpaka bawabu akaja kutazama.

Mke wangu hakulia. Alikwenda Marikiti akarudi na mbaazi, kunde, viazi na bilinganya. Akanipikia mbaazi za tui zito, sambusa za dengu, mchicha wa nazi, na biriani ya bilinganya ambayo kwa macho usingejua imekosa nini. Nikala nimenuna. Nikamuuliza kama mbuzi wa jirani wamehama, maana naona chakula chao chaletwa kwetu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alitabasamu. Ya tatu akaenda zake jikoni.

Na maumivu hayakupungua. Vidole vilipinda hata kanzu nikawa nafungwa vifungo na yeye. Nikaanza kusema ni hizo mbaazi zake. Siku mamake alipokuja kututembelea, nikalisukuma sinia mbele yake nikasema, "Mwanao ataniua kwa majani." Mama mkwe alilitazama sinia, mimi hakunitazama. Mke wangu akainama akaziokota mbaazi zilizomwagika, moja moja.

Sasa sikilizeni. Wakati wote huo kazini nilikuwa nikienda, nikiwaamuru wenzangu kwa mdomo. Na huko nilikula. Nyama sikula, Mungu shahidi. Kila pande nililitoa nikampa mwenzangu, naye akanenepa hata milango ya Mji wa Kale ikamshinda. Mimi nilikula mchele mtupu, nikijiona walii.

Tukarudi hospitali, mke wangu kando yangu. Daktari, binti mdogo tu, akauliza nakula nini. Mke wangu akavitaja vya nyumbani. Mimi nikaongeza, kwa majivuno, mchele wa harusi usio na nyama hata ukubwa wa ukucha.

"Na huo mchele wapikwa kwa maji gani, baba?"

Nikaona huyu hajui kupika. Nikamweleza kwamba pilau haipikwi kwa maji, yapikwa kwa supu, mifupa na mafuta vimechemka tangu alfajiri mpaka vimetoa kila kitu. Daktari aliweka kalamu chini, akasema nyama niliyoitoa sahanini nilikuwa nikiila ndani ya kila punje.

Mke wangu alinirudisha nyumbani. Alivua buibui, akakaa.

"Mwaka mzima," akasema, "wanitukana kwa mbaazi."

Niliomba radhi kwa magoti, yale yale mabovu. Akasema radhi amenipa, ila kuishi nami hawezi tena.

"Nitakufunza kupika, usije ukafa ukasema ni mimi. Kisha naenda zangu kwetu."

Akanifunza mwezi mzima. Pilau ya viazi, kitunguu kikaangwe mpaka kikaribie kuungua, ndicho kitoacho rangi. Tui la kwanza lingoje mwisho, lisije likakatika. Nimesoma shule ya usiku na ukubwa wangu huu, mwalimu kama yeye sikupata. Hakutania hata mara moja, nami, enyi mnaonijua, sikuthubutu. Siku aliyoonja kunde zangu akasema chumvi sawa, ndiyo siku aliyofunga sanduku. Kwao ni Lamu.

Leo vidole hivi mnaviona. Kanzu hii nimeifunga mwenyewe. Namshukuru yule daktari. Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki mlionipokea nikiburura mguu, hata ndugu yetu aliyepekua pilau yangu nusu saa akitafuta nyama, kisha akaomba sahani ya pili. Na kuliko nyote namshukuru yeye asiyekuwapo hapa. Nilimpelekea ujumbe kuwa nimepona. Akajibu neno moja, "Alhamdulillahi."

Langu la kuwaachia ni hili. Ukiumwa, kabla hujamlaumu anayekupikia, jiulize kwanza wewe mwenyewe umekula wapi kwingine. Mimi nilingoja niulizwe na daktari, mbele ya huyo niliyemlaumu.

Chakula ki tayari pale nyuma, karibuni. Nimepika peke yangu.