Salamu ya Mlimani

Basi lilikuwa limekwisha kuiacha lami na kuanza kupanda mlima nilipowasikia wawili wa kiti cha mbele yangu. Mwanamke, fundi cherehani, alikuwa anakwenda peke yake kumtoa mama yake kijijini, maana huko juu wenyeji na askari walikuwa wanauana kwa ajili ya ardhi. Jirani yake alikuwa muuza chumvi, mzoefu wa njia ile.

“Dada, vijana wa kule wanamsalimia kila apitaye kwa kilugha. Asiyejibu ni mpelelezi, anauawa.”

“Mimi si mgeni. Kitovu changu kimezikwa kule.”

“Kitovu hakisemi, dada. Haya, nisalimie.”

“Nililelewa mjini na shangazi. Alinichapa kila nilipotamka kilugha, mpaka kikanitoka.”

“Basi rudi. Afadhali msiba mmoja kuliko miwili.”

“Angekuwa mama yako, kaka, ungerudi?”

Muuza chumvi akaanza kumfundisha salamu, naye akairudia kama mtoto wa chekechea.

“Unasoma taarifa ya habari, dada. Legeza ulimi!”

Nimezurura sana duniani. Ulimi haulegei kwa safari moja ya basi.

Kwenye magogo yaliyoziba njia dereva akagoma kuendelea. Fundi alishuka, akapanda kwa miguu. Sisi wengine tuligeuka na basi. Muuza chumvi sasa anauza mkaa mjini, na dereva amehamia njia nyingine. Fundi na mama yake hakuna aliyewaona wakishuka.