Mzee Mita na Mkanda Ambao Zamu Yake Haikufika

Hospitali imetamka kwa maandishi, kwa muhuri na saini mbili, kwamba marehemu alifikishwa akiwa amekwisha kukata roho, kwamba sababu ni moyo, na kwamba hapakuwa na jambo lolote lililoweza kufanywa ambalo halikufanywa. Familia imelipokea tamko hilo kwa shukrani, na inawaomba nyote mlipokee vivyo hivyo.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mita hadi wajukuu wakasahau kwamba alikuwa na jina jingine, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, akiwa mtoto wa nne. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, anasema hakuwa mtoto wa kulia ovyo. Alisubiri kwanza ahakikishe kuna sababu.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda cha sabuni, kisha sekondari hadi kidato cha nne, alichomaliza mwaka 1971. Hesabu alizipenda, insha hazikumpenda. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anaamini kila anachokiona kimeandikwa. Marehemu aliitunza ripoti hiyo maisha yake yote, akidhani amesifiwa.

Mwaka 1974 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2008. Alipita nyumba kwa nyumba na tochi na kitambaa cha kufutia vioo. Mtu akilalamika, "Mzee, mwezi mzima sikuwepo, maji haya nimetumia saa ngapi?" alijibu bila kuinua kichwa: "Mita haina ugomvi na wewe. Inasema ilichokiona." Siku moja mama mwenye nyumba alimwonyesha bomba lililopasuka, maji yanatiririka mpaka barabarani. Marehemu aliitazama mita, akakuta imekwama, akaandika kwamba nyumba hiyo haikutumia maji. Kisha akavua viatu, akavuka dimbwi.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule. Mita ya nyumbani kwa binti huyo ilipaswa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Marehemu alikuwa akiisoma kila wiki. "Anakuja kusoma mita ambayo haijasogea," anasema mjane. "Nikajua huyu ana lake." Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana.

Mwaka 2006 marehemu alinunua kigari kidogo chekundu kutoka kwa mkunga mstaafu. Hakikuwa kipya hata kidogo, lakini kilikuwa kimetembea kilomita elfu hamsini na nane tu, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko rangi yake. Mdogo wa mkewe, ambaye ni fundi magari, alifungua boneti akauliza kama mkanda wa taimingi umewahi kubadilishwa. Huu ni ule mkanda wa raba ulio ndani ya injini; ukikatika, gari linazimika hapo hapo, na vyuma vya ndani vinagongana.

"Kila kilomita laki moja," alisema marehemu. "Bado sana."

"Laki moja au miaka saba, shemeji, chochote kitakachotangulia. Hii ni raba. Inazeeka hata ukiifunika shuka."

"Mita inasema elfu hamsini na nane."

"Mita inasoma matairi, shemeji. Haisomi raba."

Marehemu alimwangalia kwa huruma, kama alivyowaangalia wenye nyumba kwa miaka thelathini na zaidi, akafunga boneti taratibu.

Kuanzia hapo alikitunza kigari kwa kutokiendesha. Sokoni alikwenda kwa miguu, msibani kwa miguu. Hata gereji hakutaka kukipeleka, kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya mji na ingekula kilomita bure.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kusumbua. Daktari alimwambia mbele ya mkewe: "Kifua kikibana, usilale kwanza, usinywe maji kwanza. Njoo." Tangu siku ile mkewe hakuacha kuudai mkanda mpya wa gari. Aliununua yeye mwenyewe, akauweka mezani mbele ya chakula cha mumewe.

"Baba watoto, mdogo wangu atakuja kuufunga hapa hapa uani. Hutapoteza hata kilomita."

"Kitu kizima unakitoa cha nini, mama? Mita ikifika laki, tutaufunga." Akauchukua, akauweka mahali salama. Aliendelea kwenda kliniki kwa miguu, akipumzika kwenye kila ukuta, ili kigari kiwe tayari siku atakayohitaji kukimbizwa kliniki.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, asubuhi. Kifua kilibana akiwa ananyoa ndevu. Hakulala kwanza, hakunywa maji kwanza. Binti yake alishika usukani, mkewe akakaa nyuma akimwegemeza kifuani pake. Walipofika kwenye kilima cha kinu cha unga injini ilizimika, bila moshi wala mshindo, kama mtu aliyeghairi kusema. Binti alipiga stata. Ikazunguka nyepesi, haikushika kitu. Mkewe hakuhitaji kuambiwa.

"Ngapi?" aliuliza marehemu, uso umejaa povu la sabuni upande mmoja.

Mkewe akainama kuangalia kwenye dashibodi. "Elfu sitini na moja."

"Basi si mkanda," alisema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Gari la mikate lililosimama kuwasaidia lilimfikisha hospitali akiwa kimya.

Jana shemeji yake alifungua injini. Mkanda ulikuwa umepasuka-pasuka kama kisigino, na umekatika vipande viwili.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja na shemeji mmoja. Alale sasa, mahali ambapo hakuna kinachohesabiwa.

Mkanda mpya ulikuwemo kwenye buti ya gari, ndani ya boksi lake, chini ya tairi la akiba.