Yorgi Kanywa Maji?

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Ruqaya wa Azaiba, aliyepanda mzabibu wa Kigiriki uani kwake na kuutunza miaka thelathini na moja. Bi Ruqaya hatunaye tena. Mzabibu nao hatunao. Na huo mzabibu ndio uliomleta mwanawe, Marhoon, hapa studio wiki iliyopita, macho mekundu, akiomba asikilizwe.

Mumewe Bi Ruqaya, marehemu Thani, alikuwa injinia wa meli. Aliuleta kutoka Ugiriki, kijiti kimoja tu, kimezongwa kitambaa kibichi ndani ya sanduku la nguo. Jina lake ni ajioryitiko, zabibu nyeusi ya huko huko kwao. Ulimi wa nani utaliweza hilo? Nyumba nzima ikauita Yorgi.

Wagiriki huikamua zabibu hiyo moja wakapata mvinyo mwepesi, mvinyo mzito, wa rangi ya waridi, hata mtamu. Bi Ruqaya alikuwa na yake: sharubati ya kufuturia, jamu, zabibu kavu za pilau, majani ya kufungia wali. Na siki ya achari.

"Mama akisema Yorgi ana kazi nyingi kutushinda sote," anakumbuka binti yake, Rahila. "Na wala hagombani na mtu."

Sasa, wapendwa, maji ya zabibu hayawi siki mpaka yapitie kwenye ulevi kwanza. Balaa ilianzia hapo. Mwaka huu wageni walikuwa waje kutoka Mabela kumposa binti wa Marhoon. Marhoon akaingia stoo, akafunua mtungi, harufu ikampiga puani.

"Mama, pombe hii! Siku za mwizi arubaini."

"Na siki nayo arubaini, mwanangu. Leo ya ishirini tu. Nnakuomba, ngoja."

Hakungoja. Aliumwaga mtungi mchangani, mbele ya mama yake. Siku ya pili presha ikampanda Bi Ruqaya, akalazwa hospitali. Marhoon akaona ndiyo nafasi. Akaenda Wadi Kabir, akachukua mafundi wawili. Mzabibu ukang'olewa na mizizi yake, uani pakatiwa vigae. Wageni walikuja, wakavisifu vigae.

Hospitali, kila jioni, swali lilikuwa moja. Wauguzi walidhani Yorgi ni mjukuu.

"Yorgi kanywa maji?"

"Kanywa, mama."

Jioni kumi na sita Marhoon aliulizwa hivyo. Jioni kumi na sita alijibu hivyo. Jioni ya kumi na saba hapakuwa na wa kuuliza.

Siku ya arubaini ya Bi Ruqaya, watu wakipika chakula cha khitma, Rahila alikuta mtungi wa pili nyuma ya magunia ya mchele. Ulijazwa siku moja na ule uliomwagwa. Akanusa, akamwita kaka yake.

"Onja."

Marhoon alichovya kidole. Ilikuwa siki. Siki safi, kali, ya kukata ulimi. Alikaa chini pale pale jikoni akalia kwa sauti, na waliofika khitmani wakamwambia asubiri, ndiyo kazi ya Mungu. Hakuweza kuwaambia kwamba nyingine ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Amewasaka wale mafundi. Shina lilikwenda jalalani. Hakuna jirani wala ndugu aliyewahi kukata hata kijiti akapanda kwake. Chini ya vigae hakuna kitu.

Tunawapa pole Rahila, Marhoon na jamaa wote wa Azaiba. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Ruqaya. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: nyumbani mwetu, tumemwaga nini siku ya ishirini?

Bi Ruqaya hakuwa akikosa kipindi hiki. Kwa hiyo Marhoon ametuomba tumfikishie mama yake neno moja, maana yeye alishindwa kulisema mama akiwa hai.

Mama, Yorgi hakunywa maji.