Bi. Verlene na Tabasamu la Watoro

Leo Ijumaa, tarehe 30 Mei, Bi. Verlene Batiste anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha fasihi katika shule yetu hapa Louisiana. Mimi nafundisha historia chumba cha jirani. Vitabu vyangu saba viko kwake, na nimeshakata tamaa navyo.

Alipofika aliweka sharti moja: hakuna kufungua riwaya ya kale ya Marekani kabla ya kusoma watafiti wa historia wameandika nini kuhusu utumwa. Wanafunzi walinung'unika hadi alipoanza kuwaletea wali na maharage mekundu kila Jumatatu. Baadaye wakawa wakali kumshinda. Mkuu wa shule alipomshikia kipindi siku moja, akaanza moja kwa moja na riwaya, walimzuia.

Mwaka 2011 mambo yalikuwa magumu. Bwana Alcide Fontenot, mjumbe wa bodi ya elimu, alitaka somo hilo la historia ya utumwa lifutwe. Alidai mtumishi mtumwa katika riwaya waliyokuwa wakisoma anacheka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo historia ya nini? Kura ya bodi ilikuwa wiki iliyofuata, na Bi. Verlene aliogopa.

Hakubishana. Alimwalika Bwana Fontenot darasani, akamkalisha kwenye dawati la mwanafunzi na kumpa matangazo kumi ya magazeti ya zamani, ya mabwana waliokuwa wakiwasaka watumwa waliotoroka. Kazi yake ilikuwa kupigia mstari sura ya mtoro ilivyoelezwa. Sita yalisema: hutabasamu anaposemeshwa.

Mzee aliinua kichwa.

"Ina maana walikuwa wanacheka huku wameshafunga mizigo?"

"Ndiyo, bwana. Sasa fungua riwaya."

Alisoma kurasa zilezile alizokuwa akizichekea tangu ujana wake, safari hii polepole, na kengele ilipolia hakuinuka. Somo lilipona kwa kura moja. Ilikuwa yake.

Agosti darasa hilo linakuwa langu, na sifichi, naogopa.

Asante, Bi. Verlene, kwa kazi, kwa maharage na kwa ujasiri. Tunakuombea afya na siku ndefu za raha. Leo utatukuta sote mlangoni tunatabasamu. Usituamini, wewe ndiye uliyetufundisha kusoma nyuso kama hizi.