Pampu Zilizozimwa Kutoka Ng'ambo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Maji, sisi wafanyakazi wa mtambo huu tunakukaribisha kwa mikono yenye grisi. Tumeinawa mara mbili, imegoma.

TULIKOTOKA
Miaka miwili iliyopita nchi yetu ilipiga kura yake kwenye mkutano wa mataifa, na kura hiyo ikawaudhi wakubwa wa dunia. Wiki iliyofuata, kampuni ya ng'ambo iliyotuuzia pampu ilizizima kwa mtandao, ikiwa huko huko kwao. Siku nne zikapita mji ukiwa bila tone la maji. Hospitali ikaanza kuhamisha wagonjwa.

Mkataba ulitukataza kufungua kisanduku cha kuongozea pampu, ambacho kampuni ilikifunga kwa lakiri yake. Meneja akatuambia, "Jamani, atakayegusa lakiri ile namwandikia barua ya onyo."

Fundi umeme wetu, tunayemwita Mama Swichi, akamjibu, "Andika tu, bosi. Dada yangu yuko wodini anasubiri kujifungua, na huo mkataba hajausoma." Akachukua koleo, akaikata lakiri.

MAFANIKIO
Siku mbili tulifuatilia waya mmoja mmoja. Asubuhi ya siku ya saba pampu ya kwanza ikanguruma. Haikupita saa, dada mtu akapiga simu kutoka wodini, kichanga kikilia pembeni: "Maji yametoka."

Leo pampu zote sita zinaongozwa na mtambo tuliouunda wenyewe katika karakana hii, na nchi mbili jirani zimeleta mafundi wao kujifunza kwetu. Wasomi wanaliita jambo hili uhuru wa kiuchumi. Sisi tuliujua siku tulipowasha pampu bila kumwomba mtu ruhusa.

CHANGAMOTO
Barua ya onyo bado imo kwenye faili la Mama Swichi, na imemnyima cheo mara mbili. Hakutaka tuliseme hili. Ameketi mstari wa nyuma, na ameshatukunjia uso.

MAOMBI
Tumesikia kampuni ile inataka kurudi, na mkataba mpya uko mezani kwako. Hatukatai kufanya biashara na mtu yeyote. Tunaomba usitiwe saini kabla mafundi wetu hawajausoma, na uwezo wa kuwasha na kuzima ubaki humu nchini.

Na ile barua, Mheshimiwa, tunaomba ifutwe leo, ukiwa bado hapa. Faili liko tayari. Meneja mwenyewe ndiye aliyekuja nalo.

Mungu akupe afya na msimamo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Mtambo wa Maji
Imesomwa na fundi bomba wa zamu ya asubuhi