Sauti ya Daktari Rabiha Katika Chumba cha Nyuma

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza kusoma, kila mmoja aape kimoyomoyo kwamba habari ya chumba cha nyuma haitavuka mlango wa nyumba hii, mmeapa, haya, sasa nawaambia yote, maana mimi shangazi yake siri hainikai tumboni.

Marehemu Daktari Rabiha alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Salt, akasoma shule ya wasichana hapa Irbid kuanzia mwaka 1964, akaingia chuo kikuu Amman mwaka 1976, akatoka na shahada ya elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wakati wenzake wakitoka na wachumba. Alianza kazi hospitalini mwaka 1981, na tangu 2004 akawafundisha humu nyumbani, chumba cha nyuma, wataalamu kutoka Basra, Taizi, Halab na Omdurman, tiba ya mazungumzo iliyopimwa ikathibitika, si ya kubahatisha, ambayo mgonjwa halikimbii linalomtisha, bali hurekodiwa pamoja na daktari wake akilipitia kimawazo kana kwamba linatokea, kisha huisikiliza rekodi kila siku nyumbani na kutaja hofu yake ni ngapi kati ya mia, mpaka ishuke.

Aliolewa tarehe 9 Juni 1983 na Mundhir, huyu Abu Laith wetu muuza vigae, wakajaliwa mtoto mmoja, Laith, mwaka 1986. Abu Laith kazi ile hakuipenda, akiwapitia wanafunzi huwaambia, "Hamjambo, mafundi wa machozi? Mwanamume akihuzunika hubeba vigae!" naye Rabiha humjibu, "Beba, bwana, beba, mgongo ni wako."

Februari 2023 alishikwa na saratani ya kongosho, akafariki humu ndani tarehe 2 Novemba, alfajiri, akazikwa adhuhuri.

Alasiri ya siku hiyohiyo, wanawake waliokuwa wakiosha vikombe walisikia, kutoka chumba cha nyuma kilichofungwa, sauti yake ileile ya taratibu, ikisema, "Mkono wangu umeshapoa, usiuachie, sasa ni ngapi?" na kitu kingine, kinachokoroma kama kinakabwa, kikajibu, "Mia." Jana alasiri ikauliza tena, kikajibu, "Tisini." Jumana, wifi yake, akaangusha sinia akipiga kelele, "Wallahi huyo jini anahesabu siku zetu!" akaamua kesho asubuhi chumba kipigiliwe misumari na wanafunzi warudi makwao, na Abu Laith alipoulizwa aliinama, akasema, "Fanyeni mtakavyo, hata mimi nimemsikia." Ni Wijdan tu, mwanafunzi wa Basra, aliyeninong'oneza, "Shangazi, jini gani anafanya mazoezi ya nyumbani?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani kwa mansafu, ule wali wa nyama, na kahawa chungu, na wenzake wa kazi waliovuka mipaka kuja kumzika. Rabiha mwanangu, Mungu akupanulie kaburi lako, ulale bila maumivu.

Maandishi haya nimeyapima yafike hapa alasiri ikishaswaliwa, kwa hiyo mtazame upande wa wanaume, nafasi ya mfiwa iko wazi, kisha mnyamaze, kila mtu, hata wewe Jumana, msikilize ukutani. Wijdan, ufunguo wa pili wa chumba cha nyuma huu hapa, fungua mlango wote. Usiifiche hiyo simu yenye rekodi yenu, Abu Laith, sote tumekuona, mjibu mkeo.